Carlos Allende: Baharia, Mwendawazimu au Jina la Kubuni?

Hadithi ya manowari ya Marekani iliyotoweka bandarini Philadelphia mwezi Oktoba 1943 haijawahi kukosa wasikilizaji. Meli, inasemekana, ilizingirwa na ukungu, ikapotea machoni, ikaonekana muda mfupi baadaye Norfolk, Virginia, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale, kisha ikarudi ilikotoka. Baadhi ya mabaharia wake wakarukwa na akili. Wengine, wasimuliaji wanaongeza, wakakwama ndani ya vyuma vya meli. Imeandikiwa vitabu, ikatengenezewa filamu mwaka 1984, na Jeshi la Majini la Marekani limelazimika kuandaa waraka maalumu wa kuwajibu wanaouliza. Ukiisikia inavyosimuliwa utadhani mashahidi walikuwa kibao. Ondoa waliojitokeza baada ya vitabu na filamu, unabaki na mmoja: mtu aliyejiita Carlos Miguel Allende.

Kuhusu mtu huyo kuna kambi tatu. Ya kwanza inasema alikuwa baharia wa kweli aliyeona kwa macho yake. Ya pili inasema alikuwa mwendawazimu. Ya tatu inasema hakuwepo kabisa: ni jina lililobuniwa, ama na waandishi wa visahani vya angani waliotaka kuuza vitabu, ama na wanajeshi waliotaka kuwapoteza watu njia. Kambi hizi zimetupiana maneno kwa miaka mingi kana kwamba mshindi akipatikana, kesi imekwisha. Mkanganyiko wote umekaa hapo. Ndani ya ubishi huo mna maswali matatu yasiyofanana: je, mtu huyo alikuwepo? Je, akili zake zilikuwa timamu? Je, alichokisema kilitokea? Unaweza kujibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine, na ushahidi wa swali moja haukusaidii chochote kwenye lile la jirani.

Barua mbili na salamu za Pasaka

Mwaka 1955 Morris K. Jessup, Mmarekani aliyesomea falaki hadi shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Michigan kisha akaacha masomo ya udaktari bila kuyamaliza, alichapisha kitabu kiitwacho The Case for the UFO. Hoja yake ilikuwa kwamba visahani vya angani vipo, na kwamba siri ya mwendo wao huenda ni kuishinda nguvu ya mvutano. Aliwataka wanasayansi walitafiti jambo hilo badala ya kulicheka.

Baada ya kitabu kutoka, Jessup alianza kupata barua kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Ya kwanza ilisainiwa Carlos Miguel Allende. Mwandishi alimwonya aache kuwashawishi watu wachunguze mambo hayo, kwa sababu yalikwisha kujaribiwa na matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Alidai Albert Einstein aliikamilisha nadharia yake ya kuunganisha nguvu za maumbile katika miaka ya 1920 kisha akaificha kwa kuwahofia binadamu watakavyoitumia. Kwamba Jeshi la Majini liliitumia kuifanya manowari isionekane. Na kwamba yeye mwenyewe alilishuhudia jaribio akiwa juu ya meli ya mizigo, SS Andrew Furuseth. Alitoa hata namba yake ya ubaharia. Jessup alipomjibu akitaka ushahidi zaidi, ilikuja barua nyingine, safari hii ikiwa na saini ya Carl M. Allen.

Wakati huo Jessup hakujua kwamba mkono uleule ulikuwa tayari umebisha hodi mahali pengine. Mwaka 1955 Ofisi ya Utafiti wa Jeshi la Majini, jijini Washington, ilipokea bahasha iliyotumwa kutoka Seminole, Texas, ikielekezwa kwa mkuu wa ofisi, Admeri Furth, na juu yake zimeandikwa salamu za Pasaka. Ndani mlikuwa na nakala ya kitabu cha Jessup iliyojazwa maandishi pembezoni mwa kurasa, kwa wino wa rangi tatu, kana kwamba watu watatu walikuwa wakipasiana kitabu na kujibizana. Mmoja aliitwa Jemi. Walizungumza kama wenyeji wa mambo hayo: walijua makabila mawili ya viumbe wanaoishi chini ya bahari na angani, walijua vita vyao vya kale, wakampongeza Jessup pale alipopatia na kumcheka pale alipokosea. Herufi kubwa zimetokeza katikati ya sentensi, alama za uandishi zimewekwa zilipopenda, tahajia ni ya mtu anayeandika anavyosikia.

Bahasha ya namna hiyo ikifika ofisi ya serikali kwa kawaida huishia kwenye jalada la vioja au kwenye kapu la taka. Hii haikuishia huko. Maofisa wawili, George Hoover na Sidney Sherby, walivutiwa nayo, wakamwita Jessup mwaka 1957, naye alipoona maandishi akatambua mkono wa Allende. Baadaye kampuni ya Varo ya mji wa Garland, Texas, iliyokuwa na kazi za jeshi, ilikipiga chapa kitabu kizima upya pamoja na maandishi yote ya pembezoni, haya yakiwa kwa rangi nyekundu, na barua mbili zikatiwa humo. Nakala zilikuwa chache. Toleo hilo la Varo ndilo mama wa yote yaliyofuata.

Aprili 1959 Jessup alikutwa amekufa ndani ya gari lake katika bustani ya umma karibu na Miami, amevuta moshi wa gari ulioelekezwa ndani kwa mpira. Uchunguzi ulisema alijiua. Kifo hicho kiliipa hadithi kitu ambacho barua zisingeweza kukitoa, yaani maiti, na tangu hapo kila aliyeisimulia ameacha kidokezo kwamba Jessup alinyamazishwa. Hakuna kilichothibitisha hilo.

Kambi ya kwanza: baharia aliyeona

Kambi hii ina mtaji kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Allende hakuandika kama wazushi wengi wanaojificha nyuma ya ukungu. Alitaja meli yake kwa jina, akataja mwezi na mwaka, akatoa namba ya cheti chake cha ubaharia, na vitu hivyo vinaweza kukaguliwa. Vilipokaguliwa, namba ilikuwa ya kweli na mwenye nayo ni Carl M. Allen. Andrew Furuseth ilikuwa meli halisi iliyobeba mizigo ya vita kuvuka Atlantiki, na Allen alikuwa miongoni mwa wahudumu wake mwaka 1943. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari zisizo na kichwa wala miguu, hapa ni rahisi kushawishika.

Lakini ukaguzi uleule unaomthibitisha mtu ndio unaoiangusha habari yake. Manowari ambayo hadithi imekuja kuitambulisha ni USS Eldridge, chombo cha kusindikiza misafara. Iliingizwa jeshini New York tarehe 27 Agosti 1943. Kuanzia katikati ya Septemba ilikuwa Bermuda kwa mazoezi, ikaondoka huko katikati ya Oktoba, ikafika New York tarehe 18, ikakaa hadi tarehe 1 Novemba ilipotoka kusindikiza msafara wa kwenda Casablanca. Philadelphia haimo katika ratiba hiyo. Andrew Furuseth nayo ilifika pwani ya Virginia tarehe 4 Oktoba ikitokea Casablanca, ikaondoka Norfolk tarehe 25 Oktoba kuelekea Oran. Ziweke ratiba hizo mbili pamoja: katika siku zote ambazo Furuseth ilikuwa Norfolk, Eldridge ilikuwa Bermuda, njiani, au New York. Ofisa wa jeshi aliyekuwa ndani ya Furuseth, William Dodge, aliandika kukanusha kwamba yeye au watu wake waliona jambo lolote la ajabu.

Wafuasi hujibu kwamba madaftari ya safari yalighushiwa. Jibu hilo lina udhaifu ambao halijawahi kuupona. Eldridge ilisafiri katika misafara, na kila chombo kilichokuwa katika msafara kina kumbukumbu zake. Kuighushi safari ya meli moja ni kuzighushi za makumi ya meli, nyingine za mizigo, zenye manahodha wasio wa jeshi. Kisha iko hoja ndogo ninayoipenda kwa unyofu wake: Ofisi ya Utafiti wa Jeshi la Majini, ambayo hadithi nyingi huitaja kama mpishi mkuu wa jaribio, iliundwa mwaka 1946. Isingeweza kufanya jaribio mwaka 1943.

Na Einstein? Ni kweli alikuwa mshauri wa Jeshi la Majini kwa muda mwaka 1943 na 1944, na jambo hilo hutolewa kama karata ya mwisho. Kazi aliyopewa ilihusu milipuko na vilipuzi. Nadharia ya kuunganisha nguvu za maumbile aliihangaikia hadi kufa kwake mwaka 1955 bila kuikamilisha, na alichapisha majaribio yake hadharani, kwa hiyo hakuna kilichofichwa.

Kambi hii basi imethibitisha kuwa shahidi yupo na alikuwa baharia, halafu ikayavusha maneno yake yote kwa tiketi hiyo moja.

Alichoweza kukiona

Kabla ya kwenda kambi ya pili inafaa kuuliza kama baharia wa mwaka 1943 angeweza kuokota vipande vya hadithi hii bila kuvibuni vyote. Jibu ni kwamba vilikuwa vimezagaa bandarini.

Ujerumani ilitega baharini mabomu yaliyolipuka kwa kuhisi usumaku wa chuma cha meli. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuizungushia meli nyaya nene kutoka tezi hadi omo na kupitisha umeme ndani yake, kwa kipimo kilichokokotolewa, mpaka usumaku wa chombo ukaribie kufutika. Meli iliyotengenezwa hivyo ilipita juu ya bomu na bomu lisijue. Katika lugha ya mabaharia meli hiyo ilikuwa haionekani, na anayeifahamu kazi hiyo anaelewa kwamba asiyeiona ni bomu. Kijana wa miaka 18 kwenye meli ya mizigo, anayesikia juujuu kwamba pale gatini kuna manowari iliyofungwa nyaya na kujazwa umeme ili isionekane, anaelewa vingine.

Mwaka 1994 mtafiti Jacques Vallée alichapisha mazungumzo yake na Edward Dudgeon, aliyehudumu wakati wa vita katika manowari ya aina ileile, USS Engstrom. Dudgeon aliyaeleza mambo ambayo waandishi wa vitabu walikuwa wameyageuza miujiza. Kuhusu safari ya Norfolk na kurudi, alisema meli za mizigo ziliizunguka pwani kwa siku mbili, ilhali manowari ziliruhusiwa kupita mfereji wa ndani unaounganisha ghuba za Chesapeake na Delaware, zikafika kwa saa takriban sita. Baharia wa meli ya mizigo aliyesikia kwamba manowari iliyokuwa Philadelphia jioni imeonekana Norfolk asubuhi alikuwa na haki ya kukuna kichwa.

Kuhusu kipande kingine cha hadithi, kile cha mabaharia wanaosemekana kutoweka baa katikati ya ugomvi, Dudgeon alisema yeye alikuwa mmoja wao. Walikuwa wadogo kuliko umri wa kisheria wa kunywa pombe. Fujo zilipoanza, baada ya baadhi ya wanamaji kutamba kuhusu vifaa vya siri, wahudumu wa kike wakawatoa kwa mlango wa nyuma, kisha wakasimama na kusema hawakuwahi kuwaona. Dudgeon alikuwa mzee akikumbuka ya nusu karne iliyopita, na maelezo yake hayalingani kila mahali na madaftari ya safari, kwa hiyo si msahafu. Hata hivyo yanaonyesha kwamba hadithi hii ingeweza kuzaliwa katika mazungumzo ya kawaida ya bandarini, bila uongo mkubwa na bila sayansi mpya.

Kambi ya pili: mwendawazimu

Hii ndiyo kambi ya wasomi wengi, na nguvu yake ni ya macho: fungua ukurasa wowote wa maandishi yale na utasema hapa pana tatizo. Wino wa rangi, herufi zinazopanda na kushuka, viumbe wa chini ya bahari, uhakika wa mtu anayeongea na nafsi yake. Maisha ya mwandishi nayo yanasaidia. Allen hakukaa mahali. Alihama mji hadi mji, kazi hadi kazi, akituma barua kutoka popote alipo. Mwaka 1969 alijitokeza Tucson, Arizona, kwenye ofisi za APRO, chama cha wachunguzi wa visahani, akakiri kwa maandishi kwamba yale ya pembezoni mwa kitabu yalikuwa uongo wake. Baadaye akalikana kukiri kwake.

Udhaifu wa kwanza wa kambi hii ni wa wazi. Hakuna daktari aliyetajwa popote katika sakata hili kuwa alimpima akampa jina la ugonjwa. Kinachoitwa wazimu hapa ni mwandiko mbaya, elimu ndogo ya tahajia, na imani zisizo za kawaida. Kama hivyo vitatu vinatosha, basi majalada ya barua za wananchi katika magazeti mengi ya dunia yangekuwa kumbukumbu za hospitali.

Udhaifu wa pili ni wa kiuchambuzi. Wazimu unaweza kueleza sauti ya barua, lakini hauelezi vitu vilivyomo. Haukuambii kwa nini meli, kwa nini Philadelphia, kwa nini kutoonekana. Hayo yanaelezwa na bandari. Tena maandishi ya wino wa rangi tatu yalitoka kwa mtu mmoja. Kushika sauti tatu, kila moja na rangi yake na tabia yake, moja ikiikosoa nyingine ukurasa baada ya ukurasa, kunahitaji mpango. Mtu aliyepotelewa na mstari kati ya nafsi yake na nyingine angeweza kufanya hivyo, sikatai. Lakini mtu anayecheza mchezo wake kwa makini anaweza kufanya hivyohivyo, na karatasi peke yake haitenganishi hao wawili.

Familia yake, ilipopatikana, iliegemea upande wa mchezo. Walimweleza kama mtu mwenye akili kali asiyeitumia kwa jambo la maana, mtani mkubwa, mzururaji, aliyependa kuandika pembezoni mwa kila kitu, hata kadi za siku ya kuzaliwa. Picha hiyo ni ya ndugu mwenye kero, anayewachosha watu wake.

Yapo pia matumizi ya neno hili yanayopaswa kushtua. Kwa mwenye shaka, kumwita Allende kichaa kunaokoa muda: hana haja tena ya kupekua ratiba za meli. Kwa muumini, neno hilohilo ni zawadi. Si barua zimesema kwamba waliokuwa ndani ya jaribio walirukwa na akili? Basi wazimu wa shahidi unageuzwa kuwa alama ya kwamba aliona. Tusi linalowafaa pande zote mbili za ubishi halipimi kitu.

Kambi ya tatu: jina la kubuni

Hadi mwaka 1980 kambi hii ilikuwa na haki ya kuwepo. Jina la Kihispania linalogeuka la Kiingereza kati ya barua moja na nyingine linanuka. Aliyejificha kwa miaka mingi kisha akatokea kukiri na kukana ananuka zaidi. Na mazingira yenyewe yalikuwa yamejaa mikono ya kughushi. Mwishoni mwa mwaka 1957, mwaka uleule Jessup alioitwa Washington, George Adamski, aliyejulikana kwa kudai kwamba amekutana na watu wa Zuhura, alipata barua kwenye karatasi halisi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, yenye saini ya R. E. Straith, ikimtia moyo. Straith hakuwepo. Barua iliandikwa kwa mzaha na Gray Barker na James Moseley, wachapishaji wawili wa habari za visahani, na Moseley alikuja kukiri baada ya Barker kufariki mwaka 1984. Barker huyohuyo alitoa kitabu kuhusu Jessup mwaka 1963, na mwaka 1973 akachapisha upya toleo la Varo. Aliyeshuku kwamba Allende naye alitoka mfukoni mwa mtu kama Barker hakuwa mjinga.

Kwa upande wa dhana kwamba jeshi lilimbuni, ugumu ni kuona faida. Kama lengo lilikuwa kuficha kazi ya kuzuia mabomu ya sumaku, mwaka 1955 haikuwa siri tena ya kufa na kupona. Na anayeficha siri hachapi nakala za ziada zinazomwonyesha akiizingatia.

Kilichoizika kambi hii kilitokea mwaka 1980. Robert Goerman, mtafiti aliyeishi eneo la New Kensington, Pennsylvania, mji uliotajwa kama anwani kwenye barua, aliamua kuifuata anwani hiyo badala ya kuisimulia. Akagundua kwamba wazazi wa mtu anayetafutwa ni watu wa mji wake, tena anaowafahamu. Walimpa karatasi za miaka mingi: barua, kadi, vitabu vilivyojazwa mwandiko uleule. Mtu wao ni Carl Meredith Allen, aliyezaliwa Mei 1925 karibu na Springdale, Pennsylvania, mkubwa wa ndugu zake. Alijiunga na kikosi cha wanamaji wa nchi kavu mwaka 1942, akatolewa mwaka 1943, akaingia ubaharia wa meli za mizigo mwaka huohuo. Hakuwa Mhispania wala wakala wa siri. Makala ya Goerman ilitoka katika jarida la Fate, Oktoba 1980. Allen alifariki Machi 1994 katika mji wa Greeley, Colorado.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Siri iliyowashinda waandishi kwa takriban robo karne ilifunguka kwa sababu mtu mmoja aliifuata anwani iliyokuwa imeandikwa kwenye barua tangu siku ya kwanza.

Mizani

Tukiyarudia maswali matatu ya mwanzo, la kwanza limefungwa: alikuwepo. La tatu nalo limefungwa kwa kiwango ambacho historia huweza kulifunga jambo: meli hazikuwa mahali zinaposemekana zilikuwa. La pili, la akili zake, limebaki bila jibu la uhakika, na ninadai kwamba halihitajiki. Mtani mwenye bidii, mpweke anayetafuta wa kumsikiliza, na mgonjwa wa akili wangeweza wote kuandika barua ileile, na tungezipima kwa ratiba zilezile.

Kambi ya tatu ilikosea kuhusu mtu ila iligusa ukweli fulani. Allende alibuniwa, na mbunifu wake wa kwanza alikuwa Carl Allen. Alichukua jina lake, akalipa sura ya Kihispania, akajipa ujuzi wa mambo ya mbinguni na wenzake wawili wa kujibizana nao. Angeishia hapo, tungekuwa na bahasha moja ya Pasaka na mjomba wa kuchekwa kwenye shughuli za familia. Wabunifu waliofuata ndio waliompandisha, na wa kwanza kati yao walikuwa watu makini. Hoover hakuwa mtu wa visahani tu. Alishiriki mapema katika mipango ya Marekani ya kurusha setilaiti. Kwa ofisa wa namna hiyo katika miaka ya 1950, wakati kampuni za ndege zenyewe zilikuwa zikivutiwa na wazo la kuishinda nguvu ya mvutano, kupitia kitabu cha ajabu mara ya pili kulikuwa na mantiki. Ukitupa kila barua ya ajabu, huenda siku moja utaitupa iliyokuwa na jambo. Ukiichapa upya kwa gharama na kuigawa, umeigongea muhuri, hata kama jeshi lilieleza baadaye kwamba maofisa hao walifanya kwa hiari yao wala si kwa amri.

Muhuri huo ndio uliosafiri. Vincent Gaddis aliiingiza habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1965, Charles Berlitz na William Moore wakaipa kitabu kizima mwaka 1979, filamu ikafuata. Katika kila hatua kilichowavutia wasomaji hakikuwa maneno ya Allende, ambayo hayasomeki kwa raha. Ni kwamba Jeshi la Majini liliyachukulia kwa uzito. Makala ya Goerman ilikuwa imekwisha kutoka filamu ilipoanza kuonyeshwa, na haikubadilisha kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Alfred Bielek alijitokeza akidai alikuwa ndani ya Eldridge na kwamba kumbukumbu zake zilimrudia baada ya kuiona filamu hiyo. Hadithi ilikuwa imepata shahidi mpya na haikumhitaji tena yule wa zamani, awe baharia, mwendawazimu au jina.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya ubishi wote kuhusu nafsi ya Allende. Chombo cha aina ya Eldridge kilibeba watu takriban 200. Walikuwa na majina, namba za utumishi, anwani za nyumbani, na wengi waliishi miongo mingi baada ya vita wakati vitabu vikiuzwa. Mwandishi aliyetaka kujua kama meli ilitoweka alikuwa na mlango wa kugonga katika miji mingi ya Marekani, lakini kambi zote tatu zilikuwa zikipima mwandiko wa mtu mmoja ambaye hata kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa ndani ya meli hiyo. Eldridge ilikabidhiwa kwa Ugiriki mwaka 1951, ikatumika kwa jina la Leon, na mwaka 1999 ikauzwa kama chuma chakavu. Mwaka huohuo wa 1999 mabaharia wake waliobaki walikutana Atlantic City na gazeti likawauliza. Walisema meli yao haikuwahi kutia nanga Philadelphia, na walilicheka jambo lenyewe.